Gari la Mzee Linavuja: Tulisome Chini Kabla ya Kulitia Ufunguo



Mwezi huu tunaingia karakana. Maswali yaliyotufikia kutoka zoni mbalimbali yanafanana kama mapacha. Kule nyumbani, iwe Fizi, Uvira, Makamba ama Rutana, kuna gari liliachwa. Mzee alilinunua zamani, likabaki chini ya mwembe au kwenye ua wa jirani mwema, na sasa ndugu aliyebaki kule anapiga simu: gari bado lipo, ila linavuja. Fundi amelitazama dakika tano akasema injini imekufa, liuzeni kwa kilo kama chuma chakavu. Familia iko kambini, haiwezi kwenda kuangalia. Iseme ndiyo au iseme hapana?

Sisi tunasema neno "linavuja" peke yake halitoshi kuuza gari, wala halitoshi kulitengeneza. Kuna kuvuja kunakotibiwa kwa kipande cha koki kilichokatwa kwa mkasi, na kuna kuvuja kunakoua watu kwenye mteremko. Kote kunaacha doa chini, na mtu asiyejua huogopa doa kubwa akaacha lile dogo.

Hapa karakana ya mafunzo hatuna magari mengi ya kuchezea. Tunalo moja, Land Rover 109 ya Series III, ya petroli, aina iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Hiyo 109 ni inchi, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, yaani kama mita 2 na sentimita 77. Tulilikuta limesimama nyuma ya stoo zaidi ya miaka 10, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma, watoto wamecheza udereva mpaka usukani unang'aa. Vijana wetu wamejifunzia kuvuja kwenye gari hilo, na mengi ya hapa chini tumeyaona kwa macho tukiwa tumelala chali chini yake. Peugeot 404 na 504 na Land Cruiser za zamani zina tabia hizo hizo, ingawa matundu na mipira yake haiko mahali pale pale.

Kwa nini gari lisilotembea livuje?

Wengi hudhani gari likisimama linatunzika, kama nguo iliyokunjwa sandukuni. Sivyo. Mahali pote ambapo chuma kinazunguka na kutokeza nje, pamewekwa sili, pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaobana chuma. Mdomo huo unaishi kwa kulowa oili. Gari likisimama miaka, oili yote hushuka chini, upande wa juu wa sili unakauka, unakuwa mgumu kama ngozi ya ngoma, unapasuka. Na pale mdomo ulipokaa, chuma chenyewe kinapata kutu. Siku gari linapoamshwa, kutu inakwangua mpira kama kibuyu kinavyokwanguliwa kwa kisu.

Gasketi za koki nazo husinyaa. Mafuta ya breki yana ugonjwa wake: yanavuta unyevu kutoka hewani, taratibu, mwaka hadi mwaka, na unyevu huo unakula silinda za breki kwa ndani ambako jicho halifiki.

Basi gari lililosimama linaweza kuwa limeharibika kuliko lile lililokuwa linabeba mihogo kila siku. Lakini kuharibika huko ni kwa mipira na gasketi zaidi kuliko injini yenyewe. Hapo ndipo familia nyingi zinapunjwa.

Kabla hujalala chini yake

Kama gari lilisimama mahali palipopiganwa, mtu asilisogelee kabla ya kuuliza wenyeji na viongozi wa pale kama eneo limekaguliwa. Mabomu ya kutegwa na yale ambayo hayakulipuka hukaa miaka mingi ardhini. Hili tunaliandika mwanzo kwa sababu watoto hupenda magari mabovu kuliko vitu vyote.

Pili, hakuna kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Wekeni magogo mazito, mapana, yaliyopangwa kwa kupishana, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma. Tofali za kuchoma zisitumike, zinapasuka ghafla bila kutoa mlio wa kuonya. Halafu piga bodi kwa fimbo kwanza, ngoja kidogo. Nyoka na nyigu nao wana makazi yao, msiwashtue.

Mahali pakavu pachunguzwe kwanza

Hapa vijana wetu hushangaa. Wakiambiwa watafute kuvuja, wanakimbilia pale palipolowa. Sisi tunawarudisha: kwanza pima kila kilichomo. Chomoa dipstiki ya injini uone oili imefika wapi. Fungua nati ya kujazia ubavuni mwa difu ya mbele na ya nyuma, oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu. Fanya hivyo kwa gia boksi na kwa ile boksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, mafundi wanaiita transfa. Tazama kikopo cha mafuta ya breki, cha klachi, na maji ya rejeta.

Sababu yake ni rahisi. Kilichokwisha hakidondoki. Wapenda Land Rover wana utani wao wa miaka mingi kwamba ukiona halivujishi oili, ujue oili imekwisha. Ni utani, lakini una kweli nyingi.

Kwa gari letu, usiku wa kwanza tulipata madoa matatu. Moja kubwa katikati, nyuma kidogo ya injini. Jingine upande wa ndani wa gurudumu la nyuma kushoto. La tatu dogo, chini ya gurudumu la mbele kulia. Chini ya pedali ya breki na kwenye magurudumu mengine, pakavu kabisa. Vijana wakafurahi, breki nzima! Tukawaambia wafungue kikopo cha mafuta ya breki. Ndani hamkuwa na tone, umebaki ukoko wa kahawia kama wa birika la chai. Palikuwa pakavu kwa sababu yote yalishatoka zamani, na mvua ya miaka ikaosha alama. Kati ya sehemu zote za gari lile, ile iliyoonekana safi ndiyo iliyokuwa na hatari kubwa.

Kuna jambo jingine kabla ya kuzungusha injini. Maji ni mazito kuliko oili. Kama maji ya rejeta au ya mvua yaliingia kwenye injini, kwa miaka yote hiyo yamezama chini kabisa ya sampu na oili inaelea juu, na dipstiki inaweza isioneshe kitu. Weka kopo chini, legeza nati ya kumwagia taratibu bila kuitoa yote. Kama kinachotangulia ni maji, usipige stata. Inawezekana gasketi ya silinda hedi imekufa, au maji yaliingia kwa juu, na kuzungusha injini namna hiyo ni kupeleka maji kwenye beringi. Tukiona oili imegeuka kama maziwa kwenye kifuniko cha kujazia, nayo ni alama ya maji, ingawa ute kidogo kwenye kifuniko peke yake unaweza kuwa jasho la baridi tu.

Boksi la mgao na kifuniko cha soda

Vifaa vya kazi hii viko jikoni. Chukua maboksi ya makaratasi, kwa mfano yale ya mafuta ya kupikia ya mgao, yafungue yawe bapa, yatandaze chini ya gari lote kuanzia bampa mpaka bampa. Bana pembe kwa mawe. Andika kwa kalamu MBELE, KUSHOTO, KULIA, na chora mahali magurudumu yalipo. Gari liwe kwenye ardhi sawa, maana likiinama tone linatembea mbali na kwao. Acha usiku mzima.

Asubuhi, kila doa liulizwe maswali: uko chini ya nini, una rangi gani, unanuka nini, ukisuguliwa kati ya vidole ukoje. Kuonja hapana, hata kidogo.

Oili ya injini ya zamani ni nyeusi na inanuka kuungua. Oili ya gia boksi na difu, ile mafundi wanaiita tisini, ni nzito, inavutika, na ina harufu ya kiberiti, kama yai lililoharibika. Ukiinusa mara moja hutaisahau. Petroli iliyokaa miaka haina tena ile harufu kali ya kituo cha mafuta, inanuka kama vanishi ya seremala. Maji ya rejeta yakikauka yanaacha mstari mweupe au wa kutu. Mafuta ya breki ni mepesi, yanateleza, meupe yakiwa mapya na rangi ya chai yakizeeka, na yakiangukia rangi ya bodi yanaivimbisha na kuibandua.

Ukishindwa kutofautisha oili na mafuta ya breki, chukua kifuniko cha soda, tia maji, dondoshea tone lako. Oili itaelea. Mafuta ya breki ya kawaida yatachanganyika na maji yapotee. Hakuna mashine inayotakiwa hapo, na mtoto wa darasa la tano anaweza kufanya, mradi asimamiwe na anawe mikono.

Ndugu aliye mbali apige picha ya maboksi hayo yakiwa na maandishi yake, atume kwa simu. Picha ya boksi inasema mengi kuliko picha kumi za gari.

Tundu la chini ya flaiwili

Sasa tufike kwenye doa linalouzisha magari mengi. Kwenye Land Rover za zamani, chini kabisa ya nyumba ya flaiwili, pale injini inapokutana na gia boksi, kuna tundu dogo. Waliolitengeneza gari waliliweka makusudi. Linatakiwa liwe wazi, na kuna kizibo chake maalumu cha kufungia wakati wa kuvuka mto wenye maji marefu. Ukishavuka unakitoa. Tumekuta magari ambayo mtu amelifunga tundu hilo moja kwa moja "ili lisivuje." Hapo oili inajaa ndani mpaka inafika kwenye klachi, na klachi iliyolowa oili inateleza. Ameficha doa, amenunua klachi.

Tone likitoka kwenye tundu hilo, fundi mwenye haraka atasema sili ya nyuma ya injini imekufa. Inaweza kuwa kweli. Na kama ni kweli, kazi ni kubwa: kufikia sili hiyo lazima gia boksi itoke ama injini itoke, na gia boksi ya Land Rover hizi hupitia juu, ndani ya gari, baada ya kung'oa viti na sakafu. Kwa bei ya ufundi huo, mwenye gari anakata tamaa, anauza.

Lakini tulieni. Kwanza mnuse. Kama tone lina harufu ya kiberiti na ni zito, si la injini, ni la gia boksi, linapita kwenye sili ya mbele ya gia boksi. Kama ni jeusi na jepesi, ni la injini, ila bado hatujajua ni la wapi. Oili inashuka na inarudi nyuma. Ikitoka juu kabisa, kwenye gasketi ya koki ya tapeti kava, inateremka ubavuni na mgongoni mwa injini, inaingia kwenye maungio, inatokea chini kwenye tundu lile lile kana kwamba imezaliwa hapo. Vivyo hivyo gasketi za vifuniko vya ubavuni, na swichi ndogo ya presha ya oili.

Kwa hiyo kanuni ya karakana yetu ni kuanzia juu. Injini ikiwa baridi kabisa na pasipo moto wowote karibu, tunaisugua kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, tunaifuta kwa matambara mpaka chuma kinaonekana, tunaiacha ikauke siku nzima. Halafu tunapuliza poda nyepesi, hii ya watoto, juu ya maungio yote. (Si unga. Unga wa mgao una kazi yake, na panya wataufuata.) Kisha injini inazungushwa au kuwashwa muda mfupi, na tochi inapita kuanzia juu kwenda chini. Oili inachora njia yake kwenye poda, nyeusi juu ya nyeupe. Mwanzo wa mstari huo, ule wa juu kabisa, ndipo panapovuja.

Gari letu lilisemwa na watu wawili tofauti kwamba gia boksi lazima ishuke. Poda ikaonesha mstari unaoanza pembe ya nyuma ya tapeti kava. Gasketi ya koki pale ilikuwa imesinyaa na kukatika kama biskuti. Tulikata nyingine kutoka kwenye karatasi ya koki, tukakaza kava kwa upole, maana ukikaza kwa hasira koki inapasuka tena. Sehemu kubwa ya doa la katikati ikaisha. Iliyobaki tutaieleza.

Mama mmoja na simu yake

Kuna mama alikuja karakana wiki moja tukiwa kwenye kazi hiyo. Marehemu mume wake aliacha Land Rover upande wa Fizi, na shemeji yake amempigia. "Banasema moteri ilikufa, na mafuta inatoka fasi yote," akatuambia. Mnunuzi alikuwa ameshatoa bei ya chuma, na shemeji alitaka jibu Jumamosi.

Tulimwambia, mama, usimkatalie shemeji, ila mwombe kitu kimoja: atandaze maboksi usiku mmoja, apige picha, halafu apime oili ya injini. Shemeji alinung'unika lakini alifanya. Picha zikaja. Katikati, doa jeusi la injini, la kawaida kwa gari la umri ule. Dipstiki ilikuwa na oili, nyeusi lakini si ya maziwa. Kwa ndani ya magurudumu mawili ya nyuma, madoa mapana.

Hapo tulinyamaza kidogo, kwa sababu shemeji alikuwa amesema jambo jingine ambalo mama alilitaja kama la pembeni: mnunuzi akikataa, yeye mwenyewe angeliwasha gari aliendeshe hadi Uvira polepole, akalitafutie mteja mwenye bei nzuri. Tulimwambia mama ampigie pale pale, simu ya karakana ikiwa na salio. Asilitoe uani kwa injini yake mwenyewe, hata mita mia.

Madoa ya gurudumu

Kwenye gurudumu la nyuma kuna vitu viwili vinavyoweza kuvuja mahali pamoja. Cha kwanza ni oili ya difu, inayotembea ndani ya ekseli mpaka kwenye habu na kuipita sili iliyokauka. Cha pili ni mafuta ya breki kutoka wili silinda. Vyote vinateremka ndani ya ngoma ya breki na kutokea upande wa ndani wa tairi. Vyote vinalowesha shuu za breki. Pua na kifuniko cha soda ndivyo vitakavyowatenganisha.

Kama ni oili ya difu, kabla ya kununua sili mtafute kipumulio, kile kidude kidogo juu ya ekseli. Kazi yake ni kutoa hewa ekseli ikipata moto. Kwenye gari lililosimama kinazibwa na tope, na nyigu wa udongo wanakipenda. Kikiziba, hewa moto inasukuma oili itokee kwenye sili, hata sili nzima. Unabadilisha sili mara mbili, tatu, bado linavuja, kumbe tatizo liko juu na linasafishwa kwa waya. Shuu zilizolowa oili ya difu zisirudishwe kwa kufutwa tu, hazishiki tena sawasawa, na gari litavuta upande mmoja ukikanyaga.

Kama ni mafuta ya breki, hapo gari limesimama. Hakuna "nitaendesha taratibu." Land Rover hizi zina ngoma magurudumu yote manne, na zile 109 za mbele zina silinda mbili kila gurudumu, kwa hiyo kuna sehemu sita za kupasuka. Ikipasuka moja kwenye gari lenye mfumo wa njia moja, breki zote za mguu zinaondoka pamoja. Wanaojua mteremko wa Ngomo kati ya Bukavu na Kamanyola, au ule wa kutoka Bugarama kushuka Bujumbura, hawahitaji maelezo yetu. Na hata pasipovuja, mafuta yaliyovuta maji miaka 10 yanachemka kwenye mteremko mrefu, yanakuwa mvuke, pedali inaingia hadi sakafuni. Mafuta ya zamani yanamwagwa yote. Hayajaziwi juu yake.

Kupima ni hivi. Jaza mafuta mapya ya breki, ya aina ya DOT 3 au DOT 4 kutoka chupa iliyofungwa. Kanyaga pedali polepole, nusu safari tu, usiipige mpaka chini, kwa sababu ule mwisho wa silinda ndio wenye kutu na mipira itachanika. Ikipata ugumu, ishikilie kwa nguvu nusu dakika. Ikizama taratibu chini ya mguu, mafuta yanapita mahali. Halafu zunguka magurudumu yote, tazama mabomba, tazama hosi za mpira, chungulia mahali masta silinda inapokutana na pedali. Gari likiwa na servo, masta silinda inaweza kuvujia ndani ya servo, kikopo kikapungua na chini pasiwe na kitu. Rudia kesho yake. Kwa gari letu siku ya kwanza ilipita kavu. Siku ya pili wili silinda mbili zilianza kutoa machozi, moja mbele kulia na nyingine nyuma kulia. Lile doa la nyuma kushoto kumbe lilikuwa difu, na kipumulio kilikuwa kimejaa udongo.

Tazama pia mipira ya kifuniko cha kikopo. Ikiwa imevimba na kuwa laini kama uji, kuna mtu aliwahi kutia oili ya injini au mafuta ya kupikia badala ya mafuta ya breki. Hii tunaiona sana. Hapo kila mpira wa mfumo mzima, kuanzia masta mpaka magurudumu, unatupwa na mabomba yanaoshwa.

Yaliyobaki kwa haraka

Doa la gurudumu la mbele linatoka kwenye lile tufe la chuma linalong'aa nyuma yake, linalozunguka mnapokata kona. Pitisha ukucha juu yake. Ukikwama kwenye vishimo vya kutu, sili mpya haitadumu. Si hatari ya leo wala kesho, ila oili isiachwe iishe humo.

Wota pampu ina tundu dogo tumboni. Likidondosha, sili yake imekwisha, wala msilizibe. Ubavuni mwa injini kuna vizibo vya duara vya bati. Wanaotumia maji matupu miaka yote huviozesha kutoka ndani.

Petroli haisubiri. Ukiona imelowa kwenye tenki, bomba au pampu, toa waya wa betri kwanza, zima jiko la jirani, ndipo uendelee. Kama dipstiki inanuka petroli na oili imezidi kipimo, mpira wa ndani wa pampu umechanika na petroli inashukia kwenye injini. Isiwashwe.

Wazazi, hili ni lenu. Kunyonya petroli kwa mdomo na mpira tukuache kabisa, ikiingia mapafuni inaua. Mtoto akimeza petroli au mafuta ya taa asitapishwe, apelekwe zahanati mara moja. Maji ya rejeta yenye dawa ya rangi ni matamu na ni sumu, kwa mtoto na kwa mbuzi. Oili chafu isimwagwe karibu na bomba la maji wala isipakwe kwenye vidonda. Anayetaka kupaka nguzo dhidi ya mchwa, sawa, ila nguzo za mahali watoto wasiposhika.

Yule mama alimjibu shemeji yake kwamba gari lisiuzwe kwa kilo na lisiendeshwe. Fundi mwingine amefungua ngoma za nyuma: upande mmoja difu, upande mmoja breki. Sasa wanatafuta wili silinda, na bei wanayopewa na wanunuzi imeanza kupanda.

La kwetu linatembea ndani ya uzio wa karakana. Tumebadilisha mipira yote ya breki na sili ya nyuma kushoto. Pale kwenye tundu la flaiwili bado linadondosha, matone mawili kwa usiku, meusi, mepesi. Hiyo ndiyo sili ya nyuma ya injini kweli. Tumeweka kopo chini, tunapima oili kila Jumatatu.